Ridhaa ya Ukoo Mzima

Al Rayyan, Doha
9 Machi 2007

Shangazi yangu mpenzi Bi Rehema,

Shikamoo. Salamu nyingi kwako na kwa wote wa Ng'ambo, na kwa Tabora nzima kwa jumla, isipokuwa yule jirani anayemwaga maji machafu mlangoni kwako. Desturi ya barua inataka niandike kwamba mimi ni mzima na hofu ni kwako tu. Basi nimeandika. Soma hadi mwisho ndipo uamini au usiamini.

Huku vumbi limetufunika wiki nzima. Mama mwenye nyumba amenunua paka mwingine, mweupe, ana daktari wake na mto wake wa kulalia. Mussa wangu bado anaendesha lile gari lao kubwa, watoto shuleni asubuhi, mzee shambani Umm Salal jioni. Mimi bado jikoni. Chumba chetu cha uani kimewekewa kiyoyozi kipya, kinanguruma kama mashine ya kusaga, lakini kinapoza.

Simu sipigi kwa sababu naijua simu yako. Ukiiweka sikioni unaongea kana kwamba unaniita kutoka stesheni, na jambo hili halifai kusikika stesheni.

Shangazi, nina mimba. Ndiyo, mimi, baada ya miaka saba ya kusemwa na wakwe kwamba kijana wao alioa mti mkavu. Usipige vigelegele, kaa kwanza. Mwezi uliopita nilianguka jikoni na sufuria ya wali mkononi, mama mwenye nyumba akanikimbiza hospitali ya serikali. Daktari mmoja wa Kisudani, mwanamke mpole, alinisikiliza kifua kwa muda, kisha akawaita wenzake. Ile homa ya viungo niliyougua utotoni, ukawa unanikanda kwa majani, kumbe iliharibu mlango mmoja wa moyo. Madaktari watatu walikaa, wakaafikiana asubuhi hiyo hiyo: mimba itolewe kabla haijatimia miezi minne, la sivyo nitaondoka nayo.

Hospitali inataka saini mbili, yangu na ya mume, baada ya kuelezwa na kuelewa. Basi wakatueleza. Yaani walimweleza Mussa, kwa Kiarabu, mimi nimelala katikati yao. Na Kiarabu cha Mussa ni cha barabarani: kulia, kushoto, nyoosha, simama, jaza tangi. Daktari alisema maneno mengi sana. Mussa akaitikia kwa adabu, akanigeukia, akasema, "Wanasema moyo."

Nikamuuliza, "Moyo umefanyaje?"

"Una matatizo."

Nikawa nimeelezwa hivyo. Haya mengine niliyokuandikia nimeyapata baadaye kwa Cherotich, dada Mkenya anayelinda mlango wa wodi, aliyekaa huku hadi Kiarabu kikamwingia. Alimfuata daktari, akamuuliza upya, akarudi akanishika mkono: "Dada, moyo yako imechoka. Ukibeba hii mimba mpaka mwisho, unaweza enda nayo. Sitaki kukuficha."

Mussa hajatia saini. Hakukataa; angekataa, ningepata wa kubishana naye. Anasema, "Siwezi kuamua jambo la ukoo peke yangu kama mtoto wa kuokotwa." Amempigia simu Baba Mkubwa wake, Mzee Abdulrahman, huko huko kwenu. Naomba usikie wanasema nini.

Nina swali dogo pia. Marehemu mama alipokuwa na mimba yangu, alikuwa akitamani kula nini? Wewe ulikuwa ukikaa naye.

Mwanao,
Latifa


Ng'ambo, Tabora
25 Machi 2007

Latifa mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta natwanga, nikakiacha kinu na mchi ukiwa ndani, kuku wakala. Huku tu wazima. Mvua zinanyesha. Jirani bado anamwaga maji. Asali ya mwaka huu ni nzuri, nyeusi, na nitakueleza kwa nini sitaki kuiona tena.

Mzee Abdulrahman aliitisha kikao. Mimi nilienda kusaidia jikoni, maana shangazi wa mke hana kiti katika kikao cha ukoo wa mume, ila kupika kwao haki yangu haijawahi kupingwa. Na dirisha la jikoni kwao linatazamana na baraza.

Mwanangu, nimesikia wanaume wakiujadili moyo wako. Walikunywa chai, wakala mihogo, wakauchambua moyo kama wanachagua fundi wa bati. Mmoja alisema moyo wa mwanamke una kawaida ya kulalamika. Mwingine akasema Waarabu wana baridi majumbani mwao, umekupiga ubaridi tu. Mwingine, ambaye maisha yake yote hajaingia hospitali ila siku aliyoumwa na punda, akasema madaktari watatu ni wachache, na tena hakuna hata mmoja anayemfahamu. Mwishowe wakakubaliana upewe asali. Yaani mlango wa moyo umeharibika, ukoo unaona upakwe asali.

Mzee Abdulrahman mwenyewe akasema kwa ile sauti yake ya kugawa mirathi: "Tumengoja miaka saba." Nilitaka kupitisha mwiko dirishani. Amengoja nini yeye? Miaka saba alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile.

Wakamwita sheikh. Sheikh wetu unamjua, hana maneno mengi. Akauliza, "Madaktari waaminifu wamesema mama atakufa?" Wakasema ndiyo. "Miezi minne imetimia?" Wakasema bado. Akasema, "Mama ndiye shina. Shina likikauka, tawi litakaa wapi? Mruhusuni," akavaa viatu vyake akaondoka. Wakamshukuru sana, wakamwombea dua, na alipokata kona wakakubaliana watafute sheikh mwingine.

Sasa wanasema ukoo haujaelezwa vya kutosha. Wanataka daktari awaandikie wao barua, kwa Kiswahili, yenye muhuri, ili waelewe. Wao ndio wenye mimba!

Nitawashughulikia. Wewe lala, usinyanyue masufuria. Mwambie Mussa kwamba shangazi yako amemsalimu, asiulize zaidi.

Hilo swali lako la mama yako na vyakula nimeliona. Tumalize kwanza mambo ya maana.

Shangazi yako,
Rehema


Al Rayyan, Doha
8 Aprili 2007

Shangazi,

Shikamoo. Natumai kinu kimepona na kuku wameshiba. Huku joto limeanza. Paka mweupe aliumwa tumbo, akalazwa, akaruhusiwa siku hiyo hiyo. Hakuulizwa ukoo wake.

Mimi sasa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta, maana nikilala chali pumzi inakatika. Miguu imevimba. Usimwambie mtu, watasema ni dalili ya mtoto wa kiume.

Mama mwenye nyumba alinipeleka tena kwa daktari, akamleta na mumewe, kafili wetu, yaani mdhamini wetu huku. Mzee yule ni mwema, ila amezoea kwamba jambo lolote letu linaisha akiweka saini yake. Kazi, saini yake; likizo, saini yake; tukitaka kuhama, saini yake. Akavuta kalamu akasema, "Nipe niandike, mimi ndiye kafili wake." Daktari akamwambia kwa heshima kwamba ukafili una mipaka. Mzee akashangaa kweli. Akauliza, "Sasa huyu ni wa nani?" Cherotich alikuwa amesimama mlangoni, akanitafsiria, tukacheka mpaka nikakosa pumzi, daktari akamfukuza yeye.

Lile swali la mzee nililibeba hadi nyumbani.

Daktari alikubali kuwaandikia ukoo. Alichora hata picha ya moyo. Mussa akamsomea Baba Mkubwa kwa simu kama ilivyotafsiriwa. Baba Mkubwa akasikiliza hadi mwisho, akasema picha hiyo haionekani kwenye simu.

Mussa ananisikitisha na ananikasirisha, siku nyingine vyote viwili kabla ya chai. Si mtu mbaya. Usiku hushika mguu wangu uliovimba, akauminya kwa kidole, akatazama kishimo kinavyobaki, machozi yakamtoka. Asubuhi huosha gari mara mbili na kwenda Umm Salal bila kutumwa. Nilimwambia, "Mussa, tia saini." Akasema, "Nikitia, kisha usipate mtoto mwingine, nitarudi vipi Tabora?" Nikamwambia, "Na ukinirudisha kwenye sanduku, utarudi vipi?" Akaenda kuosha gari.

Daktari amesema tumebakiwa na wiki chache tu, zikipita hizo mikono yake itafungwa. Alimwambia Mussa, na Mussa aliniambia, "Anasema tuwahi."

Shangazi, hukunijibu kuhusu mama. Alikuwa akitamani nini? Nauliza tu.

Latifa


Ng'ambo, Tabora
22 Aprili 2007

Latifa mwanangu,

Marahaba, na leo naandika huku nacheka peke yangu, wapangaji wanadhani nimeanza uzee. Salamu zote wamekupa. Barua hii itakukuta mambo yamekwisha, maana Mzee Abdulrahman ameshampigia Mussa simu mbele yangu. Lakini simu haiwezi kukueleza ilivyokuwa.

Unamkumbuka Mzee Semboja, Mzigua wa reli, aliyestaafu akabaki hapa hapa? Yule anayechukua kofia za watu misibani na hakuna wa kumgusa, kwa sababu Wazigua na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Juzi asubuhi alipita kwangu, nikampa uji. Tulizungumza habari za hapa na pale. Mimi sikumtuma mtu mahali. Niliongea, naye ana masikio.

Kikao kilikuwa cha nne. Walikuwa wamempata sheikh wa pili, naye akasema maneno yale yale ya wa kwanza, tena kwa urefu zaidi, basi wakawa wanajadili wa tatu. Mara Mzee Semboja akaingia uani na jembe begani na kipande cha bafta nyeupe ya sanda kwapani. Hakusalimu. Akaanza kulia: "Maskini mtani wangu Latifa! Jamani mtani wangu!" Akapima ardhi kwa hatua mbele ya baraza, akainua jembe, akachimba.

Mzee Abdulrahman akasimama. "Wewe Mzigua, unafanya nini?"

"Nachimba kaburi. Kazi ya mtani ni nini?"

"Latifa hajafa!"

"Najua. Nimewahi. Nyie Wanyamwezi mnachelewa hata kwenye misiba yenu."

"Huwezi kuzika mtu mbele ya nyumba!"

"Anayeulia nyumbani azike nyumbani."

Mwanangu, uso wa mzee ulibadilika, lakini angefanya nini? Mtani hafukuzwi, mtani hapigwi, ukimkasirikia unakuwa wewe ndiye mjinga wa mji. Wakamletea jogoo ili aache, kama desturi inavyotaka mtani atulizwe. Akamfunga jogoo miguu, akamweka pembeni, akashukuru, akaendelea kuchimba. Wakamletea debe la mchele. Akalikalia kidogo akapumzika, akaendelea. Majirani wakaanza kujaa. Bibi mmoja kutoka mtaa wa Kachoma, aliyekuwa akipita na shughuli zake, alisikia kilio, akaingia na pole: akamshika Mzee Abdulrahman mkono, akamwambia, "Mungu akupe subira, baba. Marehemu aliugua sana?"

Mzee aliangalia shimo. Lilikuwa limemfikia Semboja magotini. Akasema kwa sauti ndogo, "Unataka nini, Mzigua?"

Semboja akaacha kulia palepale, kama mtu anayefunga bomba. "Nataka neno moja. Liende kwa simu. Nisikie mwenyewe."

Basi simu ikapigwa. Mzee akasema, "Mussa, tia saini." Akasikiliza, halafu akasema, "Hapana, hajafa mtu. Tia tu." Nikapiga vigelegele dirishani hadi chai ikachemka ikamwagika. Shimo wamelifukia, ila udongo umebaki na kichuguu, na kila anayepita anauliza ni nani pale.

Kwa hiyo nimeshinda, mwanangu. Nimekupigania wewe mpaka mwisho, na nitakupigania tena. Sasa pona tu, uje ule kwangu.

Shangazi yako,
Rehema


Al Rayyan, Doha
6 Mei 2007

Shangazi yangu,

Shikamoo. Safari hii naweza kuandika kwamba ni mzima bila kusema uongo. Nalala chali. Miguu imerudi kuwa miguu. Salamu zangu nyingi kwa Mzee Semboja. Mwambie mtani wake anamdai bafta yake, asiishonee kanzu.

Siku ile Mussa alitia saini kubwa, ikavuka mstari. Kisha akanishika bega, akasema, "Wazee wameridhia," kwa uso wa mtu aliyeshusha gunia. Nilidhani mambo yameisha. Nikawa nasubiri wanisukume tu.

Daktari akaja, akamtoa Mussa nje. Akamtoa mama mwenye nyumba. Akavuta kiti, akakaa karibu nami, akaniuliza kitu kwa Kiarabu, taratibu, mara mbili. Nilielewa, Shangazi. Kiarabu hicho cha jikoni ninacho. Aliniuliza, "Na wewe?"

Nikashindwa kujibu. Si kwamba sikujua la kusema. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba nitasema ndiyo, sitaki kufa, sikuwahi kutaka kufa. Lakini miaka saba, Shangazi. Nilikuwa namtaka yule mtoto. Nilikuwa namtaka kuliko Baba Mkubwa na kikao chake chote, na hakuna mahali ambapo ningeweza kulisema hilo, maana upande wa Mussa wangelichukua kuwa ni hapana, na upande wako ungelichukua kuwa ni hapana. Kila nilipotaka kulilia nilikuta watu wameshajipanga pande mbili. Basi nikawa namtazama daktari tu.

Akadhani sijaelewa lugha. Akaagiza mkalimani. Akaja Cherotich, na redio yake ya ulinzi kiunoni inakoroma, akainama: "Dada, daktari anasema ya mzee ameshapata. Ya bwana pia iko. Sasa anataka yako. Lakini hakuna haraka, unaweza lia kwanza."

Nikalia kwanza. Walikaa wote wawili, hawakuniambia nyamaza. Kisha nikasema ndiyo, nikaandika jina langu.

Sikulaumu, Shangazi. Bila wewe na shimo lako nisingekuwepo leo. Lakini hata wewe hukuniuliza.

Mussa anaosha gari mara moja tu siku hizi. Jana alikaa nami mlangoni mwa chumba, akamenya machungwa yote yaliyokuwepo. Tuko hivyo.

Mwanao,
Latifa


Ng'ambo, Tabora
27 Mei 2007

Latifa mwanangu,

Salamu za wengine nitakuletea siku nyingine. Barua yako nimeisoma peke yangu na sikumsomea mtu.

Mama yako alikuwa akitamani matobolwa. Yale ya viazi vitamu vyekundu, ya mwaka uliopita, yaliyokauka hadi yanavunja meno, na maziwa ya mgando juu yake. Msimu haukuwa wake, hayakuwepo mjini. Nilitembea hadi kwa mjomba wenu kuyafuata, mvua ikanipiga njiani, nikarudi nayo nimeyafunga tumboni ndani ya kanga ili yasilowe, watu wakaniuliza mimi nina miezi mingapi. Mama yako aliyala amesimama mlangoni, hakunikaribisha hata moja. Kisha akacheka, akasema, "Huyu atakuwa mchoyo." Ndiye wewe.

Uliniuliza mara mbili na mara mbili nikakupita, nikikimbia kukuokoa. Nisamehe, mwanangu. Nina mdomo mkubwa na jiko lenye dirisha, nikadhani vinatosha.

Leo sina wa kugombana naye. Jirani mwenyewe hajamwaga maji. Nimekaa hapa na kalamu, nauliza: wewe, katika miezi ile, ulikuwa ukitamani nini?

Shangazi yako,
Rehema